Kati ya mtihani na mtihani: namna ninavyonoa mikono yangu ya urubani

Narusha Caravan, ndege ndogo ya abiria yenye injini moja, baina ya Unguja na Pemba. Viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, vinataka rubani wa biashara apimwe urushaji wake mara mbili kwa mwaka, na asibebe abiria ikiwa hajaruka na kutua walau mara tatu ndani ya siku 90. Hizo mara tatu mie huzimaliza kabla ya adhuhuri. Basi usizitegemee. Safari ile ile kila siku inakufunza safari hiyo tu.

Tazama kusi linavyofanya. Ranwei ya Unguja, yaani njia ya kurukia na kutua, ile 18, inaelekea kusini, nyuzi 180 za dira. Upepo ukitoka nyuzi 150 kwa noti 16 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa), ubavuni unakupiga noti 8. Upepo huo huo Pemba, kwenye ranwei 21, yaani nyuzi 210, ambayo urefu wake ni kama nusu ya ile ya Unguja, ubavuni unafika noti 14. Mwaka mmoja nilirudi likizo, nikatua Pemba katika hali hiyo. Nikagusa vizuri, nikalegeza usukani. Bawa la kushoto likanyanyuka na gurudumu likaacha lami. Nikaliwahi, abiria wakashuka salama, ila usiku ule sikulala. Ndege ikishagusa, usukani unazidi kuelekezwa upande wa upepo mpaka mwendo uishe. Nilikuwa nalijua hilo kwa kichwa; mikono ilikuwa imesahau.

Tangu hapo, kila mwisho wa Machi, kusi halijaingia, namwomba mwalimu saa moja bila abiria. Simwambii "nipitishe". Namtajia kitu ninachokikwepa: kutua na upepo wa ubavu, au kughairi kutua magurudumu yakikaribia lami. Hicho tunakirudia mpaka kinichoshe. Na wewe mtajie cha kwako, hata kama unaona haya.

Injini kuzimika juu ya bahari usiijaribu na watu ndani. Hiyo ni ya simuleta, mashine inayoiga urushaji, au ya mwalimu. Lakini hatua zake unaweza kuzirudia nyumbani, tena bure. Mimi hukaa kitini baada ya magharibi, dakika 15, macho nimefumba. Pua chini, noti 95 (hiyo ni Caravan aina ya 208B yenye uzito kamili), mkono wa kulia unakwenda kwenye wenzo wa nguvu, kisha wa propela. Mkono uende kweli, usiishie kusema. Binti yangu hushika kitabu cha ndege akifuatisha kwa kidole. Nikiruka hatua, ananikata: "Baba, umeruka." Naanza upya, tangu pua chini.

Alichonikosoa nakiandika kwenye daftari pamoja na tarehe. Kikitokea mara mbili, ndicho ninachompelekea mwalimu, wala singoji Machi.