Jinsi ya kutumia neno boycott bila kuchemka

Boycott ni kususia au kugomea, hapo wengi tunaelewana, shida inakuja kwenye kulitumia. Lazima kuwe na ujumbe: unakataa kununua au kuhudhuria au kushirikiana na mtu ili abadilike. Kama hukwenda harusini sababu hukua na hela ya mchango hiyo sio boycott, umekosa tu. Usichanganye na strike, strike ni mfanyakazi anagoma kazi yake mwenyewe, na ban ni mwenye mamlaka kakukataza.

Ukijua lilikotoka hutolisahau, maana lilikua jina la mtu kabisa. Kapteni Charles Boycott alikua msimamizi wa mashamba ya Lord Erne, kaunti ya Mayo huko Ireland. Mwaka 1880 wakulima waliokodi ardhi wakaomba wapunguziwe kodi zaidi, yeye akataka kuwatoa, basi wakamtenga mazima, vibarua wakaondoka, madukani hauziwi kitu, hadi barua kumfikia ikawa kazi. Ikabidi waletwe wavunaji 50 hivi kutoka mbali wakilindwa na mamia ya askari, yaani ulinzi ukala hela kuliko hata mazao yenyewe, we fikiria. Mwaka haujaisha jamaa kashaondoka Ireland na jina lake kwenye magazeti limeshakua kitenzi.

Sasa kwenye sentensi, likiwa kitenzi linakaa moja kwa moja na kinachosusiwa, "they boycotted the meeting", usichomeke against hapo katikati. Likiwa nomino ndo unaweka of, mfano "the boycott of the 1976 Olympics", na hii inatuhusu kabisa maana Tanzania, Kenya na nchi kibao za Afrika ziligomea Montreal sababu New Zealand ilipeleka timu ya raga kwa makaburu Afrika Kusini na bado ikaachwa ishiriki. Filbert Bayi ndo alikua na rekodi ya dunia ya mita 1500 wakati huo, hakukimbia, dhahabu ikabebwa na John Walker wa hukohuko New Zealand! Binafsi naona msimamo ulikua sahihi ila ile mbio tulinyimwa.

Kuandika ni c moja t mbili, kwahiyo boycotted na boycotting usiongeze t ya tatu, na b iwe ndogo japo ni jina la mtu.