Usiku mmoja pwani ya Shenzhen: mpango wa marafiki wanne

Mashariki mwa Shenzhen, jiji la kusini mwa China, mbali na maghorofa ya Futian katikati ya jiji, rasi ya Dapeng imejichomoza baharini ikiwa na vilima vya kijani na fukwe za mchanga. Usiku mmoja huko unatosha kabisa kupumua. Safari hii ikiharibika, aghalabu huharibika barabarani kabla hamjaiona bahari, kwa sababu ya siku mliyochagua. Kwa hiyo anzeni na kalenda, hoteli baadaye.

Wiki ya sikukuu ya taifa, 1 hadi 7 Oktoba, na mapumziko ya Mei Mosi msiende. Barabara za kuingia kwenye rasi ni chache, na wikendi za msimu na sikukuu magari madogo hutakiwa kuomba nafasi kabla ya kuingia. Ukikodi gari na dereva, muulize kama ameshaiomba. Mpango mzuri ni kuondoka Jumapili mchana, wakati wenyeji wanarudi mjini, na kurejea Jumatatu jioni. Vyumba navyo hushuka bei usiku huo.

Kuhusu majira, wiki za baada ya tarehe 10 Oktoba mpaka katikati ya Novemba ndizo tamu: joto limepungua, mvua chache, maji bado yanaogeka. Julai hadi Septemba ndio kilele cha vimbunga. Shenzhen hutoa tahadhari ya kimbunga kwa rangi tano: nyeupe, bluu, njano, chungwa, nyekundu. Hata nyeupe ikitangazwa, ahirisheni. Mawimbi hutangulia upepo. Kimbunga Mangkhut cha Septemba 2018 kiliuharibu ufuo wa Dameisha vibaya hata ukafungwa kwa muda mrefu.

Sasa ufuo upi? Dameisha hauna kiingilio, na metro inafika. Kutoka stesheni ya Shenzhen North pandeni laini ya 5 hadi Huangbeiling, mbadilishe kwenda laini ya 2, ambayo treni zake huunganika na laini ya 8. Someni ubao: hakikisheni treni inafika Dameisha, la sivyo huenda mkashushwa njiani. Siku zenye watu wengi huingiwa kwa kuweka nafasi kwenye WeChat, programu ya Kichina ya ujumbe na malipo, basi fanyeni hivyo siku moja kabla. Maji yake yametulia kwa kuwa yako ndani ya ghuba. Kama kuna asiyejua kuogelea vizuri, hapa ndipo pake.

Lakini kwa kulala, tunapendekeza Xichong, kwenye ncha ya kusini ya rasi, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka Futian barabara ikiwa wazi. Mwaka 2023 Xichong ilitambuliwa kimataifa kuwa jamii ya anga lenye giza, ya kwanza China, na taa za kijiji zimewekwa kwa kulinda giza hilo. Chagueni usiku wa mwezi mwandamo au giza la mwezi. Mbalamwezi ikiwaka, nyota nyingi zinapotea. Hapo bahari imeelekea wazi kusini, kwa hiyo mawimbi yana nguvu na kuna mikondo inayovuta nje. Ogeleeni mbele ya waokoaji tu, kila mtu na boya lake la rangi ya chungwa lililofungwa kiunoni. Mkondo ukikuvuta usipambane nao kurudi moja kwa moja. Ogelea sambamba na ufuo mpaka utoke.

Wanne ndiyo idadi nzuri, kwa sababu gari la kawaida la Didi, programu ya kuitia teksi, hubeba abiria wanne. Watano watahitaji gari kubwa au mawili. Kwenda ni rahisi, kurudi ndiko kwenye kazi: magari ni machache kule. Agizeni la kurudi tangu usiku uliotangulia.

Chumba kikodiwe kwa jina la mwenye pasipoti, na kila mmoja abebe pasipoti yake halisi, si picha. Hoteli humwandikisha mgeni polisi. Nyumba ndogo za wageni za vijijini nyingine hazijazoea mfumo huo na huwakataa wageni mlangoni saa nne usiku, kwa hiyo ulizeni kwa ujumbe kabla ya kulipa: “Mnapokea pasipoti ya kigeni?” Mkilala nyumba ya mtu binafsi, mnapaswa kujiandikisha kituo cha polisi ndani ya saa 24.

Malipo ni kwa simu, kwa programu ya Alipay au WeChat. Unganisheni kadi zenu mkiwa mjini kwenye intaneti nzuri, na kila mmoja ajaribu kununua chupa ya maji. Kwenye Alipay, kadi ya nje hukatwa asilimia 3 kwa malipo yanayozidi yuan 200. Bili kubwa ya chakula ikigawanywa mapema, kila mmoja akilipa sehemu yake isiyozidi yuan 200, makato hayo hayapo. Google Maps na WhatsApp hazifunguki kwa intaneti ya kawaida ya China, basi tumieni ramani ya Amap na mwe na kundi moja la WeChat.

Chakula cha bahari kipo Nan’ao, mji wa wavuvi njiani. Kaa na kamba huuzwa hai kwa jin, ambayo ni gramu 500. Kuna bei nyingine za liang, gramu 50 tu. Kibao kikisema yuan 18, hakikisheni ni ya kipimo kipi. Mwambieni muuzaji amwage maji ya mfuko kabla ya kupima, na ulizeni ada ya kupika kando, kwa maana ada hiyo huongezwa juu ya bei ya samaki.

Wenye miguu mizuri wanaweza kupita pwani ya mawe kati ya Dongchong na Xichong, kilomita 8 hivi, mwendo wa saa tano au zaidi. Anzeni kabla ya saa tatu asubuhi, kila mtu na lita 2 za maji, glavu za kushikia mawe na viatu vyenye soli ya kung’ata. Msipite maji yakijaa. Sehemu za chini hufunikwa, na mawe yenye mwani huteleza kama sabuni. Ardhi ikiwa na mvua, achaneni nayo na mlale mchangani.