Kabla Hujaweka Madume Wawili wa Simbilisi Kwenye Kizimba Kimoja

Madume wawili wa simbilisi (wale wanyama wadogo wa kufugwa wanaoitwa kwa Kiingereza guinea pig) wanaweza kuishi pamoja kwa amani maisha yao yote, na wengi huishi hivyo. Lakini siku wakikosana, mambo huharibika ndani ya sekunde chache, na anayeanza kutafuta taulo la kuwatenganishia wakati huo ameshachelewa. Maandalizi ninayoyaeleza hapa ni ya kufanya sasa, wakiwa bado wanakula pamoja bila shida.

Anza na nafasi. Sakafu ya sentimita 120 kwa 60 ni ya kuanzia tu. Kwa madume, ukiweza kufika 150 kwa 60 ni afadhali zaidi. Hesabu sakafu tambarare peke yake, usijumlishe ghorofa, maana anayefukuzwa anahitaji mahali pa kukimbilia. Chupa za maji ziwe mbili, bakuli mbili, mafungu ya nyasi kavu mawili, na vijisanduku vya kujifichia viwili, kila kimoja kikiwa na milango miwili. Hilo la milango usilipuuze. Kijumba chenye mlango mmoja ni mtego: mnyonge hubanwa kona huku mwenzake ameziba njia, na hapo hana jingine ila kuuma.

Wawe wawili, wasizidi. Madume watatu au wanne mara nyingi huelewana wakiwa wadogo, kisha wakibalehe ushirika unavunjika. Kipindi kigumu ni tangu wakiwa na miezi mitatu hivi hadi karibu mwaka mmoja, wakati homoni zimepamba moto. Majike wasikae karibu nao, kwani harufu yao tu inatosha kuwachochea; ukimshika jike, nawa mikono kabla ya kugusa madume. Wapo wanaodhani kuhasi kutawatuliza. Kuhasi kunazuia mimba, lakini kwa kawaida hakumalizi ugomvi wa madume kati yao.

Kisha jifunze kutofautisha kutambiana na kupigana, kwa sababu anayewatenganisha kila wakinguruma hawapi nafasi ya kupanga nani mkubwa. Dume anayejitutumua hunguruma kwa sauti nzito, mwili mzima ukitetemeka, akiyumbisha makalio huku akimzunguka mwenzake. Atampanda, atamfukuza kidogo, ataburuza makalio chini kuacha harufu yake. Yote hayo ni ya kawaida mradi mmoja anakubali kushuka. Pa kukaa macho ni wote wawili wanapoanza kugonganisha meno kwa mlio mkavu wa haraka, manyoya ya shingoni yamesimama, vichwa vimeinuliwa, na kila mmoja akipiga miayo kuonyesha meno. Wakirukiana na kubingirika wakiwa wameshikana, hiyo ni vita kamili.

Hapo usiingize mkono mtupu. Simbilisi mpole kabisa akiwa vitani huuma chochote kilicho mbele yake, na meno yake hupenya kwa kina. Weka kando ya kizimba, mahali pa kudumu, taulo nene na kipande cha kadibodi ngumu. Kadibodi inashushwa katikati yao, taulo inatupwa juu ya mmoja, naye anainuliwa akiwa ndani yake. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, na likiwa la kina muone daktari.

Utampeleka wapi huyo uliyemwinua? Swali hili lijibiwe mapema. Kuwe na kizimba cha pili, au wavu wa kugawa kizimba kilichopo, wenye matundu madogo yasiyopitisha pua. Wakae chumba kimoja wakionana na kunusana; kuwatenga kabisa kunawapa upweke wasiouhitaji.

Baada ya hapo, wakague wote wawili, hata aliyeonekana mshindi. Manyoya huficha mengi, kwa hiyo yapeperushe kwa kupuliza na upapase kwa vidole: midomo, pua, masikio, mgongoni kuelekea makalio, sehemu za siri. Mchubuko mpana hutisha macho, lakini mimi huogopa zaidi kitundu kidogo cha jino. Ngozi hujifunga juu yake, uchafu ukabaki ndani, na siku kadhaa baadaye unakuta uvimbe wenye usaha. Endelea kupapasa sehemu hiyo kila siku kwa wiki mbili. Jipu lisikamuliwe nyumbani. Ni kazi ya daktari. Jeraha la jicho lisingoje kesho.

Kwenye kisanduku cha huduma ya kwanza weka gozi safi, glovu, bomba la sindano lisilo na sindano, na mizani ya jikoni. Maji ya kuosha kidonda ni rahisi: kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Spiriti na haidrojeni peroksaidi visitumike, vinaunguza nyama inayojaribu kupona.

Kuhusu dawa, naomba usome kwa makini. Amoksilini, ampisilini na dawa nyingine za jamii ya penisilini zikinyweshwa simbilisi huua bakteria wema wa tumboni na zinaweza kumuua yeye mwenyewe. Klindamaisini ni hivyo hivyo. Mafuta ya kupaka yenye antibaiotiki nayo ni hatari kwa sababu atayalamba. Usimpe kidonge kilichobaki nyumbani, wala dawa ya maumivu ya binadamu. Tafuta mapema daktari wa wanyama anayetibu wanyama wadogo wa jamii ya panya, muulize kama anapatikana usiku na mwisho wa wiki, na bandika namba yake ukutani.

Simbilisi aliyejeruhiwa anaweza kuacha kula, na tumbo lake halivumilii kukaa tupu. Akipitisha nusu siku bila kula, mpigie daktari. Wakati huo chakula chake cha punje kilicholowekwa kikalainika unaweza kumlisha kidogo kidogo kwa bomba. Vitamini C nayo isikosekane, kwa kuwa mwili wake hauwezi kuitengeneza na vidonda havifungi vizuri bila hiyo. Pilipili hoho mbichi inasaidia.

Mizani ina kazi nyingine. Uonevu mwingi hauna damu: mmoja anazuiwa chakula kimyakimya hadi anakonda. Wapime kila wiki, na baada ya ugomvi kila siku. Ukishuku uonevu, watenganishe kwa wavu siku moja au mbili. Anayeonewa akichangamka na kula vizuri, umepata jibu. Akinyong'onyea na kung'ang'ania wavu, anamtaka mwenzake.

Kuwarudisha pamoja kusubiri vidonda vipone, na kufanyike mahali papana pasipo na harufu ya yeyote, pakiwa na lundo la nyasi kavu. Waliokwisha kujeruhiana vibaya kwa makusudi mara nyingi hawapatani tena, na hao wabaki majirani wa wavu moja kwa moja. Na ikiwa madume waliozoeana miaka mingi wameanza kugombana ghafla, wapeleke wote kwa daktari kabla ya kubadili lolote kizimbani: mawe ya kibofu, meno yanayouma au upele huweza kumfanya simbilisi asitake kuguswa na mwenzake.