Kabla ya kutia saini jaribio la dawa ya moyo

Ami yangu wa Mkoani alirudi nyumbani na fomu imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa kanzu. Saini alishatia. "Ami, umeisoma?" "Daktari kanambia nitie saini, mwanangu, nikatia." Mishipa yake ya moyo imeziba kwa mafuta, na aliombwa ajiunge na jaribio la dawa mpya. Usiku ule tuliisoma fomu yote, na nayaandika haya kwa ajili ya familia nyengine itakayoletewa karatasi kama ile.

Kinachowaudhi wengi ni kusikia kwamba nusu ya wagonjwa hupewa kidonge kitupu, yaani kisicho na dawa ndani. Huona wanafanywa panya. Lakini mwaka 1989 jaribio la CAST, kutoka Marekani, liligundua jambo zito kuhusu enkainidi na flekainidi, dawa walizopewa watu waliokwishapata mshtuko wa moyo. Zilituliza kweli mapigo yaliyokwenda ovyo, na madaktari waliziamini. Zilipolinganishwa na kidonge kitupu, ikaonekana waliozimeza ndio waliokufa zaidi. Bila ya kundi lile la pili nani angejua? Na mwaka 1994 nchi za Skandinavia zilitoa matokeo ya simvastatini, dawa ya kolesteroli, kwa wagonjwa 4,444. Kwa kipindi cha miaka mitano hivi, waliomeza dawa walifariki 182, wa kidonge kitupu 256.

Kwa hiyo uliza hivi: nikiangukia kundi la kidonge kitupu, aspirini yangu na dawa za presha na kolesteroli nitaendelea nazo? Ukiambiwa uache hata moja, taka sababu kwa maneno unayoyaelewa, na usitie saini siku hiyo.

Kabla ya kwenda kliniki, kusanya kila unachomeza. Sisi tulimwaga mfuko wa ami juu ya mkeka. Zikatoka pakiti mbili za dawa ile ile ya presha, zenye majina tofauti ya viwandani, naye akizimeza zote mbili. Ikatoka na chupa ya mafuta ya habasoda na kikopo cha unga wa thomu, ambavyo alitaka kuvificha kwa kuona haya. Usifiche. Thomu nyingi pamoja na dawa za kuzuia damu kuganda huweza kukutoa damu, na daktari asiyejua ataisingizia dawa ya jaribio.

Ramadhani isemwe mapema. Dozi ya mchana inaweza kuhamishiwa futari au daku? Kapsuli imetengenezwa kwa jelatini ya mnyama gani? Maswali haya hayana aibu, na mtafiti anayewajali watu wa visiwa hivi atayajibu kwa utulivu.

Kwa mtu wa Pemba kuna suala la boti. Ikiwa vipimo vinafanyika Unguja, jua ni safari ngapi kwa mwaka, nauli analipa nani, na mtu wa kukusindikiza amehesabiwa au la. Majaribio ya moyo huchukua miaka.

Angalia pia kama utafiti umepitishwa na kamati ya maadili ya utafiti wa afya ya Zanzibar, ZAHREC. Barua ya kibali waombe uione. Fomu iwe ya Kiswahili, nakala moja ubaki nayo. Saini haikufungi: unaweza kujitoa siku yoyote na matibabu yako ya kawaida yakaendelea. Ila usiache dawa kimyakimya, sema kwanza. Uliza pia jaribio likimalizika utaipata wapi dawa iliyokufaa, na kwa bei gani.

Kadi ya utafiti yenye namba ya simu inayopokelewa usiku ikae mfukoni. Kifua kikibana, nenda hospitali iliyo karibu saa hiyo hiyo, uwaoneshe kadi. Usingoje siku ya kliniki.

Ami alirudi wiki iliyofuata na maswali kumi na moja, kayaandika nyuma ya kalenda.