Flashi imegoma kufomatiwa: mambo ya kuzingatia kabla hujailazimisha

Kabla hujagusa chochote kwenye flashi inayogoma kufomatiwa, jiulize kama ndani yake kuna kitu ambacho huna kwingine. Ripoti ya mwanafunzi wa Mlimani inayosubiri kuprintiwa, video ya sendofu, hesabu za duka za mwaka mzima: kama vipo humo tu, habari ya kufomati iache kabisa kwa sasa. Kompyuta inapokuambia kwamba flashi lazima ifomatiwe ndipo itumike, haijui kama faili zako zimeharibika. Inachojua ni kwamba imeshindwa kusoma jedwali linaloonyesha zilipo. Faili zenyewe huenda bado ziko palepale.

Kufomati kwa haraka huandika upya jedwali hilo na kuacha sehemu kubwa ya yaliyo chini yake. Kufomati kikamilifu, kuanzia Windows Vista, hujaza sifuri flashi nzima, na hapo hakuna fundi atakayekusaidia. Kwa hiyo kama flashi inafunguka hata kwa shida, nakili kwanza unachohitaji. Kama haifunguki lakini kompyuta inaiona kwa ukubwa wake sahihi, tumia TestDisk au PhotoRec, programu mbili za bure, na unachookoa kihifadhi kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye flashi ileile. Usianze na chkdsk, amri ya Windows ya kurekebisha makosa ya diski. Kazi yake ni kuliweka jedwali sawa, hata ikibidi kukata faili vipande na kuvipa majina yasiyoeleweka.

Baada ya hapo hakikisha kwamba mgonjwa ni flashi kweli. Ichomeke kwenye tundu lingine, na kama ni desktopu tumia matundu ya nyuma yaliyo kwenye ubao mkuu wenyewe, kwa sababu yale ya mbele mara nyingi nyaya zake zimelegea. Hub (kifaa cha kuongeza matundu ya USB) ya bei rahisi isiyo na umeme wake iondoe kabisa. Jaribu na kompyuta nyingine, ikiwezekana isiyo ya kazini: ofisi nyingi huzuia kwa makusudi kuandika kwenye flashi ili nyaraka zisitoke, na mtu anaweza kuhangaika siku nzima na kitu ambacho mtu wa IT amekifunga yeye mwenyewe. Wakazi wa Kigamboni, Msasani na Mbezi Beach wana tatizo la ziada, hewa ya chumvi, inayokula vyuma vya kichwa cha flashi. Kifute kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, kiache kikauke, ndipo ujaribu tena.

Kuna pia flashi zinazofomatiwa wakati zenyewe hazina kosa lolote. Umerudi nayo kutoka steshenari, folda zimegeuka shotikati au hazionekani, nawe unaona dawa ni kufuta kila kitu. Virusi vya aina hiyo kwa kawaida huficha tu folda. Usibofye hizo shotikati. Kama flashi imepewa herufi G, fungua dirisha la amri na uandike attrib -h -r -s /s /d G:\*.* na folda zitajitokeza. Nakili faili zako, piga skani kwa antivairasi, kisha ndipo ufomati.

Sasa angalia kompyuta inaiona vipi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, utaona diski zote na ukubwa wake. Ukubwa ukiwa sahihi ila mfumo wa faili (namna flashi inavyopanga faili) umeandikwa RAW, yaani Windows haiutambui, au nafasi yote haijagawiwa, una matumaini mazuri. Ukiona flashi ipo lakini ukubwa wake ni sifuri, au kompyuta inasema hakuna diski ndani, hali ni mbaya. Ndani ya flashi kuna chipu inayohifadhi na chipu nyingine, kidhibiti, ambayo ni kama karani wa stoo, anayejua kila kitu kimewekwa wapi. Ukubwa wa sifuri maana yake karani yupo lakini stoo haifikii, na hakuna amri ya kufomati itakayowakutanisha.

Hali ya tatu ndiyo inayowasumbua wengi: flashi inasomeka vizuri, ila ukifomati unaambiwa imezuiwa kuandikwa. Watu hudhani ni virusi, au kuna mpangilio fulani umefichwa mahali. Wakati mwingine ni kweli. Lakini chipu ya kuhifadhi huchakaa kadiri inavyoandikwa na kufutwa, na kidhibiti huwa na akiba ya sehemu za kuhifadhia za kuziba pengo la zilizokufa. Akiba ikiisha, vidhibiti vingi hujifunga ili kilichopo kisomeke bila kuongezwa kingine. Jipime hivi: futa faili moja ndogo usiyoihitaji, chomoa flashi, ichomeke tena. Faili ikirudi kana kwamba hukuifuta, flashi imejifunga yenyewe na maisha yake ya kuandikwa yamekwisha. Mimi nalihesabu hilo kuwa bahati, kwa sababu imekupa nafasi ya kutoa vitu vyako kabla ya kufa kabisa.

Faili isiporudi, au ukiona kizuizi kiko kwenye kompyuta moja tu, diskpart, programu ya Windows ya kusimamia diski kwa kuandika amri, inaweza kusaidia. Hapa ndipo pa kutulia. Amri ya clean hufuta mgawanyo wa diski yoyote uliyoichagua, na diskpart haitakuuliza mara mbili kama ulikusudia flashi ya GB 16 au hadidiski yenye kazi zote za ofisi. Andika list disk, soma ukubwa, kisha chomoa flashi na uandike tena; namba iliyopotea ndiyo yako. Irudishe, hakiki tena namba yake, ichague kwa select disk, andika attributes disk clear readonly, halafu clean, create partition primary na format fs=exfat quick. Usifanye haya kwenye desktopu isiyo na UPS wakati umeme unacheza.

Kuhusu mfumo wa faili nitasema kidogo tu. FAT32, mmojawapo wa mifumo hiyo, haipokei faili moja ya GB 4 au zaidi, ndiyo maana video ya harusi inagoma kuingia kwenye flashi yenye nafasi tele. Hapo flashi ni nzima, ifomati kwa exFAT. Ila redio nyingi za magari husoma FAT32 tu, kwa hiyo flashi ya muziki ya daladala iache ilivyo.

Kama flashi ni mpya na imeanza kuleta matatizo baada ya kujaa kidogo, shuku kwamba ni feki. Kariakoo utauziwa flashi iliyoandikwa TB 2 kwa bei ya chakula cha mchana, na kompyuta nayo itakubali kwamba ni TB 2, kwa kuwa kidhibiti kimefundishwa kudanganya. Nafasi halisi ikijaa, faili mpya huandikwa juu ya za zamani au hupotelea hewani. Programu ya H2testw kwa Windows au F3 kwa Linux na Mac huijaza flashi nzima na kusoma tena ilichoandika. Fanya hivyo siku uliyoinunua, kabla hujaweka kitu, na risiti ungali nayo.

Utakutana pia na programu za kiwandani za kuandika upya kidhibiti. Mimi sizishauri. Lazima ziendane na kidhibiti chenyewe, hufuta kila kitu, na nyingi hupakuliwa kwenye tovuti ambazo hungependa kompyuta yako ifike. Ukiamua kwenda kwa fundi, kabla hujamkabidhi mwambie wazi unachotaka ni faili au flashi, na kama ni faili mkubaliane kwamba hafomati chochote. Kama ni flashi tu, ulizia kwanza bei ya mpya.

Na flashi iliyojifunga usiirudishe dukani wala kuitupa hivihivi. Iliyokataa kufomatiwa imekataa pia kufutwa, na vyeti, picha na taarifa za benki bado vinasomeka na yeyote atakayeichomeka. Fungua ganda, tafuta chipu kubwa nyeusi, ivunje kwa koleo mpaka ipasuke.