Kutoa Sehemu Zenye Asili Tofauti: Hatua kwa Hatua, Pamoja na Mfano wa Mirathi

Mwanafunzi anapopewa 5/6 − 3/8 kwa mara ya kwanza, mara nyingi huchukua 5 akatoa 3 akapata 2, kisha akachukua 8 akatoa 6 akapata 2 nyingine, akaandika 2/2, yaani 1. Ni vyema mwalimu au mzazi asikimbilie kulikata jibu hilo, bali amwombe mtoto alisome kwa sauti. Alianza na 5/6, ambayo haifiki kimoja kizima, akaondoa kiasi fulani, halafu akajikuta na kizima. Mtoto akiliona hilo mwenyewe, somo lote linalofuata humwingia kwa urahisi zaidi.

Namba ya juu ya sehemu huitwa kiasi na ya chini huitwa asili. Asili hutueleza kitu kizima kimegawanywa katika vipande vingapi vilivyo sawa, na kwa hiyo hutueleza ukubwa wa kila kipande. Kiasi hutueleza tumechukua vipande vingapi. Kipande kimoja cha sita ni kikubwa kuliko kipande kimoja cha nane, hivyo vipande vitano vya aina ya kwanza haviwezi kupunguzwa kwa vipande vitatu vya aina ya pili mpaka vyote vikatwe upya katika ukubwa mmoja. Hatua zote zilizo hapa chini zinatokana na sababu hiyo moja.

Hatua ya kwanza: tafuta asili ya pamoja. Asili inayofaa zaidi ni Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS) cha asili zote mbili. Vigawe vya 8 ni 8, 16, 24, na kadhalika. Cha kwanza kinachogawanyika pia kwa 6 bila baki ni 24. Kuanza na vigawe vya asili iliyo kubwa huokoa muda, kwa sababu huwa ni vichache vya kupitia.

Hatua ya pili: badili kila sehemu. Katika 5/6, asili imezidishwa kwa 4 ili ifike 24, hivyo kiasi nacho kizidishwe kwa 4, nasi tunapata 20/24. Katika 3/8 kizidisho ni 3, nasi tunapata 9/24. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa kuwa hubadili asili na kuacha kiasi kama kilivyokuwa. Anayeandika 5/24 mahali pa 5/6 ameibadili thamani yenyewe, wala si maandishi tu.

Hatua ya tatu: toa viasi na uiache asili ilivyo. 20/24 − 9/24 = 11/24.

Hatua ya nne: rahisisha, iwapo inawezekana. Sehemu 11/24 hairahisishiki. Lakini chukua 7/10 − 1/6: KDS ni 30, tunapata 21/30 − 5/30 = 16/30, na hapo 16 na 30 zote hugawanyika kwa 2, hivyo jibu ni 8/15. Wapo wanaodhani kwamba ukitumia KDS jibu haliwezi kurahisishwa tena. Mfano huu unaonyesha kuwa sivyo.

Hesabu hizi zina kazi nje ya daftari. Kwa mujibu wa sheria ya mirathi ya Kiislamu, mume akifariki na kuacha mke, mama na mwana mmoja wa kiume, basi baada ya kuondoa gharama za maziko, madeni na wasia, mke hupata thumuni (1/8), mama hupata sudusi (1/6), na mwana huchukua kilichobaki. Kilichobaki ni 1 − 1/8 − 1/6. KDS ya 8 na 6 ni 24, hivyo tunaandika 24/24 − 3/24 − 4/24 = 17/24. Ikiwa mali ni shilingi 24,000,000, mke atapata 3,000,000, mama 4,000,000 na mwana 17,000,000. Jumlisha na utaona kwamba hakuna shilingi iliyopotea. Wanazuoni wa mirathi wana asili saba wanazozitumia katika mafungu haya, nazo ni 2, 3, 4, 6, 8, 12 na 24, na kila moja ni ama asili ya fungu lenyewe au KDS ya asili za mafungu yaliyokutana.

Sasa tuje kwenye namba mchanganyiko, yaani namba nzima iliyoambatana na sehemu, ambako makosa huwa mengi zaidi. Tutoe 1 2/3 kutoka 4 1/4. KDS ni 12, hivyo tunapata 4 3/12 − 1 8/12. Kwa kuwa 3 haitoshi kutolewa 8, tunakopa kizima kimoja kutoka kwenye 4. Kizima hicho ni 12/12, kwa hiyo 4 3/12 inakuwa 3 15/12. Kisha 15 − 8 = 7 na 3 − 1 = 2, na jibu ni 2 7/12. Mtoto aliyezoea kukopa makumi katika kutoa namba nzima huongeza 10 badala ya 12, akaandika 3 13/12 na kupata 2 5/12. Mkumbushe kwamba anachokopa hupimwa kwa asili iliyo mbele yake: asili ikiwa 12 anakopa 12, ikiwa 7 anakopa 7.

Maswali ya wanachama

Swali: Kwa nini nisizidishe tu asili zote mbili, badala ya kuhangaika na KDS?

Jibu: Unaweza, na jibu litakuwa sahihi. Kwa 5/6 − 3/8 utapata 40/48 − 18/48 = 22/48, ambayo ukiirahisisha ni 11/24. Kwa asili ndogo njia hiyo haina ubaya. Jaribu sasa 7/36 − 5/48: kuzidisha kutakupa asili ya 1,728, ilhali KDS ni 144 tu, na hesabu inakuwa 28/144 − 15/144 = 13/144.

Swali: Katika mfano wa mirathi, baba wa marehemu akiwa hai hesabu inabadilikaje?

Jibu: Baba naye hupata sudusi kwa kuwa marehemu ana mwana wa kiume. Asili inabaki 24: 24/24 − 3/24 − 4/24 − 4/24 = 13/24, na hilo ndilo fungu la mwana.

Swali: Mwanangu anakwama akipewa 5 − 2 3/7, kwa sababu anasema 5 haina sehemu.

Jibu: Aiandike 5 kama 4 7/7, kisha atoe: 4 7/7 − 2 3/7 = 2 4/7. Ahakiki kwa kujumlisha 2 4/7 na 2 3/7. Akirudi kwenye 5, hesabu yake ni sahihi.

Swali: Nitajuaje sehemu ipi ni kubwa, ili nisitoe kinyume?

Jibu: Zipe asili moja kwanza, kisha linganisha viasi. Kwa macho, 5/9 na 7/12 ni vigumu kuzitofautisha, lakini zikiandikwa 20/36 na 21/36 inaonekana wazi kwamba 7/12 ndiyo kubwa, na tofauti yake ni 1/36.