Jinsi ya kuhamishia kikundi chenu Mastodon bila kupotezana

Kikundi kinachoishi ndani ya mtandao wa kampuni moja ni mpangaji tu. Akaunti ikifungwa, watu mliowakusanya kwa miaka inabidi mwatafute upya. Mastodon, mtandao wa kijamii ulioanza 2016, ni seva nyingi (kompyuta zinazohifadhi akaunti za watu), kila moja na msimamizi na sheria zake, zinazowasiliana kwa itifaki, yaani kanuni za pamoja za mawasiliano, ya ActivityPub, iliyopitishwa na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, Januari 2018. Aliye kwenye seva moja humfuata na kumjibu aliye kwenye nyingine.

Hatua ya 1: Chagueni seva. Hapa msiharakishe. Someni ukurasa unaoeleza habari za seva: sheria zake, anayeiendesha na, ikiwa imewekwa wazi, orodha ya seva ilizozizuia. Mimi huanza na orodha hiyo. Seva isiyozuia yeyote huwaachia wanachama wenu kazi ya kupambana na watukanaji, mmoja mmoja. Si lazima wote mjiunge na seva moja.

Hatua ya 2: Jisajilini. Peaneni anwani nzima, @jina@seva. Jina peke yake halitoshi.

Hatua ya 3: Tafutaneni. Machapisho ya unaowafuata huja kwa mfuatano wa muda, hakuna algoriti, yaani programu ya kuwachagulia cha kuona. Kubalianeni hashitegi moja (neno lenye alama ya # mbele), kila mtu aifuate.

Hatua ya 4: Jueni njia ya kutoka. Kwangu hii ndiyo faida kubwa kuliko zote. Msimamizi akiwachosha, fungua akaunti kwenye seva nyingine. Kwenye mipangilio yake, itaje akaunti ya zamani kuwa ni yako. Kisha rudi kwenye ile ya zamani na uagize kuhamia mpya. Wafuasi wako watahamishwa bila wao kugusa chochote. Orodha ya unaowafuata na uliowazuia ipakue kama faili la CSV (jedwali la maandishi), uipakie upande wa pili. Machapisho hayahami, na ukishahama utasubiri siku 30 kabla ya kuhama tena. Haya yote yanahitaji seva ya zamani iwe bado hewani, kwa hiyo pakueni faili hizo mara kwa mara, hata mambo yakiwa shwari.

Hatua ya 5: Wekeni mpaka wa siri. Ujumbe wa faragha kwenye Mastodon haujasimbwa mwanzo hadi mwisho, yaani haujafichwa ili usomwe na mtumaji na mpokeaji tu, na msimamizi wa seva anaweza kuusoma. Nambari za simu, anwani za nyumbani na habari za mwanachama aliye hatarini zipelekeni kwenye programu ya ujumbe uliosimbwa.